Ghala Lililovishwa Mfarishi



Kijana mmoja wa mtaa wetu, ambaye sasa ni mkazi wa Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, alinitumia picha wiki chache zilizopita. Ni picha ya ghala kuukuu la mbao lililosimama peke yake katikati ya konde. Juu ya ukuta wake, chini kidogo ya paa, pametundikwa ubao mkubwa wa mraba wenye nyota ya ncha nane. Chini ya picha ameandika swali moja tu: “Ustadh, nyota hii umeiona wapi?”

Nikamjibu kwamba nimeiona pambizoni mwa msahafu, inapoonyeshwa robo ya hizbu, na nikadhani kwamba ghala ni mali ya Muislamu. Akanicheka. Nyota ile imetoka kitandani. Ni nakshi ya mfarishi, lile shuka zito la baridi ambalo wanawake wa mashambani kule hulishona kwa viraka, na jina lake ni Nyota ya Ohio. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za maghala hayo kila nipatapo nafasi, na leo nawaomba mniwie radhi niwapeleke huko kabla ya kuwarudisha msikitini.

Mfarishi wa namna hiyo una tabaka tatu. Juu ni viraka vilivyounganishwa kwa hesabu, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha mshono hupenya tabaka zote ili pamba isihame. Katika miaka ya dhiki wanawake walitumia nguo zilizochakaa na hata vitambaa vya mifuko ya unga. Pamoja na umaskini huo wa vitu, kila nakshi ina jina lake, kama kanga ya kwetu isivyoweza kuitwa kanga bila jina: Njia ya Konokono, Nyumba ya Magogo, Mabata Bukini Warukao. Msomaji asihofu picha za viumbe. Mabata bukini hao ni pembetatu tu zinazofuatana. Nyota ya Ohio yenyewe ni mraba uliogawanywa vyumba tisa vilivyo sawa: vinne vya pembeni na kimoja cha kati huachwa vizima, na vile vinne vilivyobaki hukatwa kila kimoja pembetatu nne. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuichora kwa rula.

Iliondokaje kitandani ikapanda ukutani? Mwaka 1989 mwanamke aitwaye Donna Sue Groves alinunua shamba pamoja na mama yake, Maxine, katika Adams County, wilaya ya mashambani kusini mwa Ohio, inayopakana na Mto Ohio. Shambani mlikuwa na ghala la kukaushia tumbaku, ambalo ndugu zetu wa Tabora na Urambo wangeliita bani. Binti aliliona ghala lile halipendezi hata kidogo. Mama yake alikuwa fundi wa mifarishi, basi binti akamwahidi, nusu utani na nusu kweli, kwamba siku moja atalipaka nakshi ya mfarishi ili mama apate kitu cha kutazama.

Maghala yalikuwa na nafasi ya pekee baina ya wawili hao. Donna Sue alipokuwa mtoto huko West Virginia, mama yake alikuwa akiwatuliza watoto katika safari ndefu za gari kwa mchezo wa kuhesabu maghala, na lililo na tangazo ukutani lilimpa mtoto alama nyingi zaidi. Matangazo yenyewe yana kisa. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya tumbaku ya kutafuna iitwayo Mail Pouch ilikuwa ikipaka jina lake kwa herufi kubwa kwenye kuta za maghala yaliyo kando ya barabara. Mkulima alipata ukuta uliopakwa rangi bila gharama na ujira mdogo juu yake. Kwa hiyo msafiri aliyepita mbele ya shamba alisoma jina la muuza tumbaku. Jina la mwanamke aliyeshona kilichowafunika wote usiku wa theluji hakulikuta popote.

Ahadi ikalala miaka 12. Nawaomba tusipite haraka hapa, kwa kuwa wengi wetu tuna ahadi kama hiyo kwa mama zetu: nitakurekebishia jiko, nitakupeleka Hijja, nitakaa nawe nikuandike habari za babu. Donna Sue aliajiriwa katika baraza la sanaa la jimbo lake na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wengine kuinua sanaa za mahali pao, huku ukuta wa mama yake ukingoja. Mwaka 2001 ndipo alipolizungumza jambo hilo na wenzake, na katika mazungumzo wazo likapanuka. Badala ya ghala moja la mama mmoja, wapake nakshi 20 katika maghala ya wilaya nzima, ili mgeni aweze kuzizunguka kwa gari siku moja kama mtu anayesoma mfarishi mmoja uliotawanyika. Ikaundwa kamati, na Maxine akawa miongoni mwa waliochagua nakshi. Nyota ya Ohio ilitundikwa Oktoba mwaka huo katika shamba la jirani mkulima wa mimea ya dawa na viungo. Ghala la Maxine mwenyewe lilipata lake baadaye, nalo likapewa Njia ya Konokono.

Mimi ni mtu wa kamati, na nimependa sana mpangilio huo. Aliyeanzisha hakuanza na ukuta wake.

Kutoka hapo jambo likaenea. Wilaya ya Grundy katika jimbo la Iowa ililichukua mwaka 2003, Kentucky na Tennessee nazo zikafuata, na leo nakshi za aina hiyo zimo katika majimbo zaidi ya 40 ya Marekani na huko Kanada pia. Miaka mitatu baada ya ubao wa kwanza, Bunge la nchi hiyo lilifuta mfumo wa migao uliokuwa ukimlinda mkulima mdogo wa tumbaku tangu miaka ya 1930, na wengi wakaliacha zao hilo. Sisi hatuna sababu ya kuililia tumbaku. Lakini mtu anaweza kuelewa huzuni ya mzee anayelitazama ghala alilolijenga baba yake likiwa tupu, na kwa nini alifurahi kuona vijana wa shule wakija na ngazi.

Kazi hii hufanywa kwa kujitolea, msaragambo khasa. Ubao wa kawaida una futi nane kila upande, yaani plaiwudi mbili zilizowekwa sambamba. Hupakwa kwanza rangi ya msingi pande zote mbili ili maji yasiingie, kisha mistari huchorwa kwa penseli na rula ndefu. Kingo hubandikwa utepe wa karatasi, na rangi ya nje hupakwa moja moja, mara mbili au tatu, kila moja ikingojwa ikauke. Wanafunzi hupaka, wastaafu hupima, mwenye duka hutoa makopo ya rangi, na katika sehemu kadhaa shirika la umeme limetoa gari la kuinulia mafundi wa nguzo ili kuupandisha ubao. Asiyeweza kuchora hata kikombe anafaa, kwani kazi yote ni mistari iliyonyooka na subira.

Sasa niseme kwa nini picha ile ilinikosesha usingizi.

Msikiti wetu, kabla ya kuwekewa mazulia, ulikuwa ukitandikwa majamvi ya miyaa na mikeka ya ukindu iliyosukwa na akina mama wa mtaani. Walisuka mwezi wa Shaabani, kila nyumba shupatu zake, kisha wakakutana uani kwa mmoja wao kuziunga, ili Ramadhani itukute na majamvi mapya. Miaka mitatu iliyopita Allah alimjaalia mfadhili mmoja, akatuletea mazulia mazuri, naye Allah amlipe kheri. Mimi ndiye katibu, na muhtasari wa kikao kile niliuandika kwa mkono wangu. Juzi niliufungua. Nimeandika urefu wa zulia kwa mita, rangi yake, jina la mfadhili, jina la marehemu baba yake ambaye kwa niaba yake sadaka ile ilitolewa, na dua tuliyoisoma. Kuhusu waliotufikishia pale, nimeandika maneno manne: Majamvi ya zamani yaondolewe.

Mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya darsa ya akina mama, bibi mmoja alinisubiri penye ngazi. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniuliza: “Ustadh, mwanangu, majamvi yetu mliyapeleka wapi?”

Nikamwambia yamehifadhiwa stoo. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu jepesi na nilikuwa nikiwahi mahali. Sikuwa nimeingia katika stoo ile tangu siku yaliporundikwa. Jioni ile nikaingia. Ya chini yalikuwa yamegeuka udongo wa mchwa, ya kati yamelowa na kuoza kwa paa linalovuja, na mawili ya juu yamefunikiwa mifuko ya saruji. Mkeka mmoja tu ulisalimika, kwa kuwa mtu aliusimamisha ukutani nyuma ya ngazi. Nikautoa, nikaupangusa. Una ua la rangi ya zambarau na kijani, mraba ndani ya mraba ndani ya mraba, hesabu yake haikosei kutoka pindo hadi pindo.

Wanaosoma hadithi wanakijua kisa cha mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Kimo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ingawa msimulizi ana shaka kama alikuwa mwanamke au kijana wa kiume. Alikufa, masahaba wakamzika bila kumwarifu Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake dogo. Mtume alipomkosa akamuulizia, akasikitika kwamba hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Nimelifundisha somo hilo madrasa mara nyingi, na kila mara nimewaeleza wanafunzi fadhila za kufagia msikiti. Sikuwahi kukaa na upande wa pili wa kisa: kwamba Mtume ndiye aliyeuliza, na walionyamaza walikuwa watu wema waliozoea tu kumwona yule mama akifagia.

Nikaurudisha mkeka kwa bibi na nikamwomba radhi kwa maneno niliyomwambia kwenye ngazi. Hakukasirika. Aliutandaza mapajani, akaupitisha kidole, akasema huu si wangu, huu ni wa somo yangu, mimi sina mkono mwembamba hivi. Nikamuuliza jina la ua. Akafikiri muda mrefu. Alisema lilikuwa na jina, wakilitaja wakati wa kuhesabu miyaa, na kwamba yeye alikuwa mdogo na kazi yake ilikuwa kuchovya ukindu rangi. Somo alifariki. Wenziwe wawili walifariki. “Ua ninaliona,” akasema, “jina ndilo limenipotea.”

Kule Ohio wanayo majina yote 20.

Niweke tahadhari hapa, kwa sababu tukianza kukusanya habari za wazee tutakutana na mtihani huu. Mto Ohio ulikuwa mpaka baina ya Kentucky, iliyokuwa na watumwa, na Ohio, isiyoruhusu utumwa, na watoro wengi waliuvuka. Mwaka 1999 kulichapishwa kitabu kilichodai kwamba nakshi za mifarishi zilikuwa lugha ya siri ya kuwaongoza watoro hao: nakshi hii maana yake jiandae, ile maana yake ondoka. Msingi wa dai lote ulikuwa simulizi ya mwanamke mmoja kuhusu ukoo wake. Wanahistoria walipoyapitia masimulizi ya watu waliotoroka utumwani, hawakukuta ushahidi wake. Hata hivyo ni habari tamu, na bado watu huisimulia mbele ya mabango hayo. Umma uliouasisi mlango wa isnad haustahili kujenga urathi wake kwa mtindo huo. Bibi akisema jina limempotea, tuandike kwamba limepotea. Tusimtungie.

Basi nimeandika pendekezo, nalo ni dogo. Plaiwudi mbili zikikatwa katikati zinatoa mbao nne za futi nne kwa nne. Vijana wetu, ambao kila Ramadhani hulalamika kwamba kamati huwaita kubeba viti tu, wapake juu yake maua manne ya mikeka ya mtaa huu, chini ya usimamizi wa fundi rangi tunayeswali naye safu moja na ambaye amekubali kwa furaha. Mbao zitundikwe ukuta wa nje wa madrasa, upande wa barabara. Chini ya kila ua liandikwe jina la msukaji, na jina la ua kama linajulikana.

Wajumbe wawili wameshaniambia pembeni kwamba hawaridhiki, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza anaogopa mapambo. Amenikumbusha kwamba Umar (R.A.), alipoamuru kujengwa msikiti, alitaka watu wakingwe na mvua na akakataza rangi nyekundu na njano zisije zikawafitini wenye kuswali. Ni kweli, na mimi ningeongeza kisa cha nguo ya Abu Jahm, ambayo Mtume (S.A.W.) aliirudisha kwa sababu nakshi zake zilimshughulisha katika swala. Ndiyo maana nimesema ukuta wa nje wa madrasa. Mbele ya mwenye kuswali hapataguswa. Nikamwambia pia, kwa upole, kwamba zulia tulilopewa lina maua mengi kuliko mkeka wowote uliowahi kutandikwa pale, na hakuna aliyelijadili. Alitabasamu, ila hajasema amekubali.

Wa pili anaogopa riya. Waliosuka walisuka kwa ajili ya Allah, malaika wameshaandika, sasa kwa nini tuwaharibie kwa kuwapa sifa? Hoja hii ilinisimamisha siku mbili. Ninavyoona, riya ni maradhi ya moyo wa mtendaji anayetaka kuonwa. Kushukuru ni deni la aliyetendewa, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Akina mama hawa hawakuomba waandikwe. Isitoshe, kama jina ukutani ni riya, tuanze na bango la marumaru lililo mlangoni mwetu, lenye majina ya waliochangia kisima, la mfadhili wa kwanza likiwa kwa dhahabu. Hilo nalo sijasikia likijadiliwa. Pengine kinachotuzuia si hofu ya riya bali ni mazoea ya kuandika fedha na kutoandika mikono.

Kuna na hoja ya tatu, isiyosemwa waziwazi: kwamba hili ni jambo la wageni wasio wa dini yetu. Ujuzi wa kupaka ubao si ibada. Na mtu akimfanyia mama yake ihsani huko Ohio, mimi Muislamu niliyeamrishwa hilo katika Kitabu, na ambaye majamvi ya mama zangu yameliwa na mchwa chini ya ufunguo ninaoushika mwenyewe, sioni nitamkosoa kwa lipi.

Nimekwenda tena kwa bibi kumwomba ruhusa ya kuliandika jina lake. Alikataa mara moja. Baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuvaa viatu, akaniita. Alisema kama ni lazima paandikwe mtu, liandikwe jina la somo yake, na kabla ya hapo niende kwa watoto wake niwaulize kama wanaridhia. Yeye ataonyesha namna ua linavyoanzia katikati, kwa maana vijana wakianzia pembeni hesabu haitafika. Kisha akaniuliza kama ukindu bado unauzwa sokoni, na bei yake sasa ni kiasi gani. Sikujua. Nimemwahidi kumletea jibu kabla ya Ijumaa.

Kikao ni Jumapili baada ya swala ya Isha. Jambo hili ni ajenda ya nne, baada ya bomba la maji ya udhu, na mkeka utakuwa mezani.